Ikiwasha Ujue Inafanya Kazi: Mwongozo wa Kujipaka Tangawizi Usoni

Kwanza nikupongeze. Mtu hafiki kwenye tangawizi kwa bahati mbaya. Mpaka uichomoe kwenye kikapu cha vitunguu na kuipeleka bafuni, ina maana madarasa ya chini umeshayamaliza: dawa ya meno umeshaipaka juu ya chunusi, sukari na kahawa umeshajisugulia, ute wa yai umeshalala nao usoni mpaka foronya ikakukataa, na chunusi bado zipo palepale, tena zimenawiri. Umehitimu. Mwongozo huu ni wako, na wa kila anayeamini kwamba kinachouma lazima kinaponya.

Imani hiyo ndiyo nguzo ya fani yetu, na ina kauli yake utakayoisikia saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa kila mwenye mkoba wa krimu anayepita maofisini: ikiwasha, ujue inafanya kazi. Ishike kauli hiyo kabla hujashika kisu. Usiulize ni kazi gani inayofanyika. Jirani akigonga nyundo ukutani usiku kucha, napo pia kuna kazi inafanyika.

Tafuta mtaalamu

Daktari wa ngozi muache kabisa. Ana maswali mengi: zilianza lini, unapaka nini, nywele unaziweka mafuta gani, una ujauzito? Akimaliza atakuandikia dawa isiyo na harufu wala picha ya ua, halafu akuambie urudi baada ya wiki nane. Wiki nane! Na harusi ya binamu yako ni Jumamosi.

Mtaalamu unayemtaka yuko ndani ya simu. Ana taa ya duara mbele ya uso, ngozi imetakata, anaahidi matokeo kwa siku tatu, na chunusi anazisikia kwa watu. Huyo ndiye wa kukufundisha kuzitibu. Akisema hii ni siri ya bibi zetu, usimuulize bibi yupi, maana maswali ya namna hiyo huharibu video. Bibi wa Pwani tunayemfahamu alikuwa na fani yake, na haikuwa ya siku tatu. Liwa aliisaga juu ya jiwe kwa maji kidogo. Singo aliichanganya kwa karafuu, asumini na mawaridi. Manjano, ambayo ni ya ukoo mmoja na tangawizi, alijua ipakwe lini na nani. Na bi harusi hakusingwa na mtu wa kwenye kioo cha simu, alisingwa na somo wake, mwanamke aliyemjua yule binti tangu anavunja ungo na aliyekuwa na kazi ya kuendelea kuonana naye baada ya harusi. Ngozi ikiharibika, lawama ilijua nyumba ya kwenda. Tangawizi bibi alikuwa nayo pia, sana tu, kwenye chai, kwenye kahawa na kwenye mchuzi.

Katika grupu hatakosekana mmoja wa kukukumbusha kwamba tangawizi imetajwa katika Qurani. Amesema kweli. Ni Suratul Insan, sura ya 76, aya ya 17, na imetajwa kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji watakachonyweshwa watu wa Peponi. Watanyweshwa. Isome tena taratibu; hutaona pahala walipoahidiwa kupakwa.

Nenda sokoni

Nunua fungu moja. Muulize muuzaji imetoka wapi. Akikuambia Same, juu kwenye milima ya Upare, kule Mamba Myamba, umepata yenye hadhi. Mkulima wa kule ameipanda kwenye mteremko, akaipalilia, akaingoja miezi minane mpaka kumi ikomae. Wewe utaipa siku tatu ikubadilishe sura.

Imenye, isage kwenye blenda au itwange kwenye kinu kile kile kilichotwangiwa kitunguu saumu jana. Mchanganyiko utie kwenye kopo la Blue Band lililooshwa haraka haraka, uweke dirishani. Kumbuka hiki ni kitu cha asili, na watu wanasema cha asili hakiharibiki. Bakteria na ukungu nao ni wa asili, watafurahi kukutana na shina lililokuwa udongoni wiki iliyopita, lenye maji mengi na lisilo na kihifadhi chochote. Siku ya tatu ukisikia harufu imebadilika, jiambie imeiva.

Ongeza ndimu

Hapa ndipo wanafunzi wengi hulegea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ngozi yenye afya ina uchachu wa wastani. Kwenye kipimo cha pH inasimama karibu na 5, na uchachu huo ni sehemu ya ulinzi wake: unasaidia safu ya juu kushikana na unawazuia vijidudu wasijitanue. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2. Tofauti ya tatu unaweza kuidharau ukiwa hujui kwamba kipimo hiki huenda kwa makumi, kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 5 kushuka hadi 2 ni uchachu mara elfu moja. Na safu unayoimwagia uchachu huo, ile ya juu kabisa inayozuia maji yasitoke mwilini na uchafu usiingie, unene wake usoni ni kama sehemu moja au mbili za mia za milimita. Kamua ndimu nzima. Kama unazo mbili, kamua mbili.

Ukiona umezidisha, sahihisha kwa magadi. Magadi yenyewe yanakimbilia upande wa pili wa kipimo, kwa hiyo ngozi itakuwa imepigwa kutoka kaskazini na kusini, na haitajua ilalamike kwa nani.

Kisha toka nje ukae juani. Hatua hii usiiruke. Ndani ya ndimu, hasa kwenye ganda, mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikikaa juu ya ngozi kivulini hazina neno. Jua likizipiga, huamka na kuiunguza ngozi. Siku ya pili hutoka wekundu, wakati mwingine malengelenge, na baada ya hapo hubaki doa jeusi lenye umbo lile lile la mchirizi wa maji ya ndimu. Wahudumu wa baa za ufukweni wanalifahamu kwenye mikono yao. Wewe unalitaka usoni.

Paka, usikilizie

Sasa paka. Safu nene, kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Mikono usioshe, jisugue jicho moja ili upate cha kulinganisha na lile lingine.

Baada ya dakika moja hivi itaanza. Kwanza ni joto la kupendeza, kisha kuchonyota, kisha utasimama katikati ya sebule ukijipepea kwa daftari la mtoto. Watu wa nyumbani watakuuliza kulikoni. Jibu unalo: inafanya kazi.

Ni kazi gani hasa? Kwa kuwa umeshapaka na huna pa kwenda, nitakueleza. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya ngozi kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kutoa taarifa ya joto linalounguza. Huanza kupiga kelele joto likivuka nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Vipokezi hivyo vina udhaifu mmoja: vinadanganyika. Pilipili huvidanganya, na jinjeroli nayo huvidanganya. Ikivigusa tu hufunguka, vikapeleka ubongoni habari kwamba uso unaungua, na ubongo, ambao hauna macho ya kwenda kuhakikisha, unaamini. Mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997 kwa kutumia kemikali ya pilipili, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakagawana Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyohisi joto na mguso. Kwa hiyo kuna tuzo ya Nobel inayokuthibitishia kwamba ule moto usoni mwako ni uvumi.

Chunusi yenyewe haina habari. Iko ndani ya kinyweleo kilichozibwa na mafuta na seli zilizokufa, imekaa na bakteria wake, na huko juu mishipa ikipelekeana taarifa za uongo yenyewe haihusiki. Ukisugua kwa nguvu ili dawa iingie, utaipasua na kuyahamishia majirani yaliyomo.

Wenye roho ngumu wasitumie mbichi, watumie unga. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli yake hugeuka kuwa shogaoli (usicheke), ambayo ukali wake ni zaidi ya mara mbili. Kijiko kimoja cha unga kinatosha kumkumbusha mtu dhambi zake za utotoni.

Kisa cha farasi

Usidhani fani hii ni ya leo. Mwaka 1785 Mwingereza Francis Grose alichapisha London kamusi ya maneno ya mitaani, na humo akaeleza desturi ya wachuuzi wa farasi. Kabla mnyama hajaletwa mbele ya mnunuzi, alipenyezewa tangawizi kule nyuma, chini ya mkia, mahali ambapo heshima ya msomaji inanizuia kupataja. Farasi mzee, aliyechoka, aliyekuja sokoni amening'iniza kichwa, ghafla aliinua mkia, akacheza miguu, macho yakachangamka. Mnunuzi aliona ujana. Grose anataja hata adhabu aliyopewa mtumishi wa mchuuzi aliyethubutu kumtoa farasi nje bila kwanza kumfanyia hivyo.

Hayo ndiyo matumizi ya tangawizi kwa urembo yaliyo ya kweli kuliko yote ninayoyafahamu. Hakuna aliyedai kwamba farasi amepona mgongo au amerudi ujanani. Kilichotakiwa ni auzike kabla tangawizi haijapoa. Krimu nyingi za kuwasha zimerithi biashara ile ile, isipokuwa siku hizi farasi anajilipia mwenyewe.

Nitoe heshima kwa bidhaa moja tu, lipglosi ya kunenepesha midomo. Nyingi hutiwa tangawizi, pilipili au mdalasini, hazifichi. Midomo inachonyota, damu inakimbilia pale, inavimba kidogo, unapiga picha, baada ya muda inarudi ilivyokuwa. Imeahidi uvimbe na imeleta uvimbe. Katika duka zima la vipodozi ni nadra kukuta mtu mkweli kiasi hicho.

Siku ya nne

Kufikia hapa, kwa mujibu wa video, uso wako ulitakiwa uwe unang'aa. Unang'aa kweli, kwa sababu safu ya juu imechubuka na iliyobaki ni mbichi. Piga picha haraka, weka kwenye status, andika "asili ni asili".

Ngozi ya mtu mzima kijana huchukua kama wiki nne kuzalisha seli mpya chini na kuzipandisha hadi juu. Hakuna mzizi, tunda wala maombi yanayoifanya imalize safari hiyo kwa siku tatu. Kwa hiyo matokeo halisi ya kazi yako yatakuja baadaye, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi yatakuja kwa namna yetu. Ngozi nyeusi ina chembechembe za rangi zilizo hodari mno: ikiumizwa, hujibu kwa kumimina rangi zaidi pale ilipoumia. Kidonda kidogo, muwasho, mchubuko wa kucha, vyote huacha doa linaloweza kukaa miezi. Ulianza na chunusi tano ambazo zingekauka zenyewe. Sasa unalo eneo zima la mashavu lenye weusi usiolingana na shingo.

Ndiyo maana nasema fani hii haifi njaa. Mtaalamu wako ana video nyingine, ya kuondoa madoa. Inahitaji tangawizi.

Kama kutwanga kumekuchosha

Ingia dukani. Mbele ya kopo utaona picha ya tangawizi kubwa iliyokatwa vipande, inadondoka maji. Ishia hapo. Usigeuze kopo.

Wasiosikia hugeuza, wakakutana na orodha ya viambato yenye herufi za kuumiza macho, na orodha hiyo ina kanuni yake. Kilicho kingi kwa uzito hutangulia, kinafuata kilicho chini yake, hivyo hivyo mpaka vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Yatatangulia maji, pengine gliserini, na mafuta ya aina fulani. Tangawizi huandikwa kwa jina lake la kitaalamu, Zingiber Officinale. Kabla hujaitafuta, tafuta kwanza fenoksiethanoli, jina refu linaloanza na Pheno: hicho ni kihifadhi cha kuzuia krimu isioze, na huko Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Ukikuta tangawizi imekaa nyuma yake, mkiani karibu na manukato na rangi, ujue nayo haizidi asilimia hiyo, na mara nyingi haikaribii hata kidogo. Ulichonunua ni krimu ya maji na gliserini iliyopigwa picha na tangawizi.

Nisikufiche, hiyo ndiyo salama yako. Gliserini ni kitu kizuri mno kwa ngozi kavu, ni ya bei nafuu, imefanyiwa utafiti wa kutosha, na haiwashi. Haina tu mtu wa kuipigia debe.

Lipo kopo jingine, na kwa hilo naweka kejeli pembeni kwa aya moja. Ikitokea krimu iliyoandikwa tangawizi asilia imekufanya mweupe ndani ya wiki moja, usiisifu tangawizi. Haina uwezo huo. Wenye uwezo huo ni ndugu wa mkorogo: zebaki, haidrokwinoni, au steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki hupenya ngozi na kwenda kuharibu figo. Steroidi ikipakwa usoni mfululizo huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, na ukiiacha ghafla uso hulipuka vipele. Haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka kwa dawa yoyote nyepesi. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi, na kwa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Lakini mkaguzi hakai kwenye kila kibanda cha Kariakoo. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, wala tarehe ya mwisho, wala orodha ya viambato, lirudishe ulipolikuta, hata kama limechorwa shamba zima la tangawizi.

Kwa akina kaka

Msijione mmesahaulika. Kuna video yenu ya kuotesha ndevu na kufukuza kipara: kata tangawizi, sugua kidevuni au utosini kila usiku mpaka pawake moto, maana moto huamsha mizizi ya nywele. Kanuni mnaiona ni ile ile.

China ni nchi ambayo tangawizi imesuguliwa kwenye vipara kwa muda mrefu, na ni watafiti wa huko huko walioamua kupima. Mwaka 2013 walichapisha matokeo yao katika jarida la PLoS ONE. Walichukua vinyweleo vya kichwa cha binadamu, wakavitunza maabara, wakavitia jinjeroli. Nywele zikapunguza mwendo wa kukua. Wakaenda kwa panya, na kwa panya nako manyoya yakachelewa. Mwishowe wakapendekeza kwamba huenda jinjeroli ikafaa siku moja kwa kazi ya kuzuia nywele zisizotakiwa. Maabara si kidevu cha mtu, nakubali, na panya hanyoi. Hata hivyo, ukimkuta kijana anasugua tangawizi kidevuni saa tano za usiku, usimsumbue. Anajinyoa polepole.

Wale wa kupaka tumboni na kujizungushia mfuko wa nailoni ili kitambi kiyeyuke: mnatoka jasho. Jasho ni maji. Mkinywa maji yanarudi.

Kwa waliokataa kufuata mwongozo

Najua wapo, na kwa heshima yao nitasema ninachokijua.

Tangawizi si kitu cha bure. Kwenye vyombo vya maabara jinjeroli na wenzake huonyesha nguvu ya kutuliza uvimbe na ya kupambana na kemikali zinazozeesha seli, na molekuli ya jinjeroli ni ndogo kiasi cha kuweza kupenya safu ya juu ya ngozi. Haya si maneno ya wachuuzi. Tatizo ni safari iliyobaki: sehemu kubwa ya ushahidi huo ni wa seli na wa wanyama, na kutoka hapo hadi uso wa mtu anayepanda daladala saa sita mchana kunahitajika majaribio mengi, na yaliyopo bado ni machache na madogo. Pale tangawizi ilipojithibitisha vizuri kwa binadamu ni kwenye kichefuchefu, na huko huingia kwa mdomo.

Ukiitaka kwenye ngozi hata hivyo, inunue ikiwa ndani ya bidhaa iliyotengenezwa na mtu anayejulikana, yenye kihifadhi na orodha. Paka kidogo kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku mbili kabla hujaifikisha usoni. Usiweke juu ya chunusi iliyopasuka, wala baada ya kunyoa, wala karibu na jicho. Ndimu iache kwenye samaki. Ikichonyota zaidi ya dakika chache, osha kwa maji mengi ya baridi na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando, kisha uiache ngozi ipumzike siku kadhaa bila kitu kipya. Kuvumilia hakuna thawabu.

Chunusi zina dawa zake, nazo hazina umaarufu. Benzoili peroksaidi huua bakteria ndani ya kinyweleo, adapalini huzuia kinyweleo kisizibe. Zote mbili zinaweza kukausha na kuchonyota kidogo mwanzoni, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo na kwa ushauri, na adapalini haitumiwi na mjamzito. Huhesabiwa kwa wiki sita mpaka kumi na mbili. Wiki nane za yule daktari uliyemkimbia zilitoka hapa.

Na madoa, kinga yake ya kwanza ni jua lisiyapige. Ngozi nyeusi nayo inahitaji kofia na mafuta ya kukinga jua, hasa ikiwa na majeraha ya kupona. Kama hujui kwamba Waafrika Mashariki tunaweza kutengeneza kitu makini cha ngozi, angalia Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na ni hapo yalipoanzia mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kazi ya mafuta hayo ni kuzuia saratani ya ngozi. Ukiyapaka husikii chochote.

Kwa hiyo uso ukikushinda, nenda hospitali yenye daktari wa ngozi. Beba makopo yote unayoyatumia, hata yale ya kuficha. Mwambie kila ulichopaka na kwa siku ngapi, na ukifika kwenye ndimu na magadi usipunguze sauti. Ameshasikia makubwa zaidi.